Rejista ya Sheria ya Australia kwa Mtafutaji wa Masharti ya Mpito

Rejista ya Sheria ya Shirikisho ya Australia, inayopatikana bure kwenye legislation.gov.au, hutunza sheria za Bunge pamoja na kanuni, amri na hati nyingine zinazotungwa na mawaziri na mamlaka zilizokasimiwa madaraka hayo. Mimi huipima kwa kazi moja ngumu: kujua kama kanuni ya zamani bado ina nguvu baada ya sheria inayosimamia utungaji wa kanuni kubadilishwa. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano.

Rejista ilitokana na sheria ya mwaka 2003 iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2005. Bunge halikuishia kuagiza kwamba kila hati mpya isajiliwe. Lilitunga sheria ya pili, mahususi kwa masharti ya mpito (yanayoeleza jinsi ya kutoka utaratibu wa zamani kwenda mpya) na marekebisho yatokanayo, na hati zilizokuwepo tayari zikapewa muda wa kuingizwa: mfupi kwa zilizotungwa kuanzia mwaka 2000, mrefu zaidi kwa zile kongwe. Iliyochelewa ilipoteza nguvu. Alama za kazi hiyo zinaonekana hadi leo. Kanuni za Uhamiaji za mwaka 1994, ambazo zinawagusa hata Wakongo na Warundi wanaoomba hifadhi huko, zina namba F1996B03551, na herufi B inajulisha kwamba hati hiyo iliingizwa kutoka enzi za kabla ya rejista, ilhali hati zilizofuata hubeba L. (Mwaka ulio ndani ya namba haulingani na mwaka wa kanuni zenyewe, kwa hiyo mgeni asiutegemee.)

Tarehe 5 Machi 2016 mfumo ulipangwa upya. Sheria ya 2003 ilipewa jina jipya, sheria za Bunge na hati za chini yake zikawekwa katika rejista moja, na sheria nyingine zilizokuwa zikiitaja kwa jina la zamani zikarekebishwa kwa sheria ya pembeni. Anayesoma toleo la sasa hukuta majina yamekwisha kusawazishwa, na hahisi mshono wowote.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote iko mwishoni mwa kila toleo lililounganishwa, yaani lile lililokwisha kuingiziwa marekebisho yote hadi tarehe yake, ambapo wengi hawafiki. Katika maelezo ya historia kuna jedwali lenye jina la kila hati iliyoleta mabadiliko, tarehe ya kusajiliwa, tarehe ya kuanza kutumika, na safu ya nne inayoonyesha masharti ya matumizi, uhifadhi (yanayolinda yaliyofanyika chini ya sheria ya zamani) na mpito. Palipo na kistari, hakuna sharti lililowekwa. Palipo na namba ya kifungu, hapo ndipo pa kuchimba. Nyota moja nimeiondoa hapohapo, kwa sababu safu hiyo hutaja namba tu, na maneno yenyewe mara nyingi hubaki ndani ya sheria ya marekebisho, ambayo msomaji analazimika kuitafuta na kuifungua kando. Kanuni za Uhamiaji zina afadhali, kwani Jedwali la 13 limekusanya mipango ya mpito ndani ya kanuni hizohizo, ingawa urefu wake unachosha.

Kwa msomaji wa Kenya, ulinganisho unasaidia. Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013, katika kifungu cha 21, huifuta hati miaka kumi baada ya kutungwa, na muda unaweza kuongezwa mara moja tu, usiozidi miezi 12. Australia nayo hutumia miaka kumi, lakini huhesabu tangu kusajiliwa, na ufutaji huangukia tarehe 1 Aprili au 1 Oktoba. Ukomo wa namna hiyo humwezesha mwanasheria kupanga kalenda yake mapema, mradi ahesabu kutoka tarehe ya rejista, asihesabu kutoka mwaka ulio kwenye jina la kanuni.

Yote yameandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Anayehitaji nakala ya kupeleka mahakamani apakue ile yenye alama ya toleo rasmi, tena nzima, pamoja na kurasa za mwisho.