Smuts au Lettow-Vorbeck: nani zaidi katika vita vya Afrika Mashariki?

Ubishi huu wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hauishi: Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyeongoza majeshi ya Uingereza, au Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani? Kwa ardhi, Smuts anaongoza: alifika Februari 1916, na kufikia Septemba Moshi, Morogoro na Dar es Salaam zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kwa kudumu, Lettow-Vorbeck hana mpinzani. Alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, akajisalimisha Abercorn (sasa Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kusitisha vita.

Gharama? Hapo wote hoi. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, mizigo ikaishia vichwani mwa wapagazi, nafaka na ng'ombe vikachukuliwa vijijini. Ugogo, eneo la Dodoma, ikaingia njaa iliyoitwa Mtunya.

Anayesoma mbinu za kijeshi amshike Mjerumani. Anayefuatilia jinsi Tanganyika ilivyoangukia kwa Mwingereza, Smuts. Mwenye asili ya Dodoma huenda asimtake yeyote.