Dawa za minyoo kwa mtoto wa poni: ya kununua na ya kuacha dukani Mombasa

Rafu za agroveti za Mombasa zimepangwa kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Farasi hapa ni wachache, wengi wao wale wanaopandwa na wageni ufuoni, na punda wa mikokoteni hupewa dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Ndiyo maana mtu ambaye poni wake amezaa huondoka dukani na kilichopo, si kinachofaa. Tunazipitia hapa dawa anazoweza kuonyeshwa kaunta, kwa mtoto wa kati ya miezi 2 na mwaka mmoja. Hukumu tunaitoa mapema: kwa dozi ya kwanza chukua fenbendazoli ya kunywa ya asilimia 10, chupa iliyofungwa kiwandani, na uitoe kwa uzito uliopimwa. Nyingine zina wakati wake, na baadhi hazina wakati wowote.

Kwanza ujue unapigana na nani. Katika miezi sita ya mwanzo adui mkubwa ni mchango wa farasi, mnyoo mweupe, mnene kama penseli, unaoweza kupita sentimita 30. Mtoto humeza yai lake kwenye nyasi, kwenye kuta za banda au kwenye chuchu chafu za mamake. Kiluwiluwi hupenya ini, hupanda mapafuni, hukoholewa, humezwa tena na kukulia katika utumbo mwembamba. Safari nzima huchukua wiki 10 hadi 12 kabla mayai hayajaonekana kwenye kinyesi. Kwa hiyo kumpa dawa ya mchango akiwa na wiki tatu ni kupoteza pesa. Hata ule mharo wa wiki ya kwanza na ya pili, ambao huwatia watu mbio dukani, kwa kawaida hautokani na minyoo. Kuna mnyoo mmoja mdogo unaopitia maziwa ya mama, na huo huzuiwa kwa kumtibu mama kwa aivamektini siku za kuzaa, kwa ushauri wa daktari.

Dozi ya kwanza ni kati ya mwezi wa pili na wa tatu.

Fenbendazoli (jina maarufu la sokoni ni Panacur) tunaiweka mbele kwa sababu ya jinsi inavyoua. Huinyima minyoo chakula, nayo hufa polepole na kutoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kwa mtoto aliyebeba minyoo mingi, upole huo ndio usalama wenyewe. Dawa zinazopooza minyoo, yaani aivamektini, pairanteli na piperazini, huweza kuilegeza yote kwa pamoja. Ikijikusanya kwenye utumbo mwembamba huwa kizibo, na utumbo huweza kupasuka. Dalili huanza mara nyingi ndani ya saa 24 baada ya dawa. Isitoshe, fenbendazoli husamehe makosa: ukizidisha kidogo kwa bahati mbaya, mtoto hadhuriki.

Dozi ya kuua mchango kwa mtoto wa farasi ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Hapa lebo huwapotosha wengi, maana chupa iliyoandikiwa ng'ombe itakutajia 5 au 7.5. Hiyo ni hesabu ya ng'ombe. Mwambie daktari wa mifugo akuandikie dozi ya farasi juu ya karatasi, usiitegemee lebo wala kumbukumbu ya muuzaji.

Sasa angalia nguvu ya dawa, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi hutokea. Chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita. Ile ya asilimia 2.5, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya kondoo na mbuzi, ina miligramu 25 tu. Mtoto wa kilo 72 anahitaji miligramu 720. Hiyo ni mililita 7.2 ya chupa ya kwanza, au mililita 28.8 ya pili. Ukichukua chupa dhaifu ukatoa mililita 7.2, umempa robo ya dozi. Mchango haufi, na iliyosalia ndiyo itakayozaa kizazi kinachoizoea dawa.

Uzito usiukisie kwa macho. Poni mchanga mwenye manyoya marefu na tumbo kubwa huonekana mzito kuliko alivyo. Mizani bora ni ile ya magunia, ya bapa, ambayo wenye maghala wanayo: tandika gunia kavu juu yake asiteleze, mama asimame mbele yake amwone, naye husimama mwenyewe kwa sekunde chache zinazotosha. Kama mizani haipatikani, kanda ya fundi cherehani inafaa. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Mzunguko wa sentimita 100 na urefu wa 85 hutoa kilo 71.5. Fomula hii ilitengenezwa kwa farasi wazima, na kwa mtoto huelekea kupunguza uzito kidogo. Kwa fenbendazoli, basi, kadiria kwenda juu.

Aivamektini ya farasi, ile ya bomba lenye mafuta mazito, ni dawa nzuri iliyopewa kazi isiyo yake. Kwa farasi mkubwa huua minyoo midogo mekundu ya utumbo mpana na hata funza wa tumboni. Lakini mchango wa farasi umeshaizoea: Uholanzi iliripoti hilo mwaka 2002, na tangu hapo nchi nyingi zimeona vivyo hivyo. Mtoto wa miezi mitatu akipewa aivamektini peke yake, mwenye mnyama huridhika kuwa ametibu ilhali mchango uko palepale. Zamu yake huja karibu na miezi sita, wakati minyoo mekundu inapoanza kuongoza na fenbendazoli nayo mara nyingi huishindwa.

Kipimo chake ni mikrogramu 200 kwa kilo. Bomba la kawaida la gramu 6.42 linatosha kilo 600, na kila alama ni ya kilo 100. Ajali inayojirudia ni ya ile pete ya kwenye mpini: isipozungushwa ikakaza kabisa, mkono ukisukuma hutoka bomba zima. Kwa mtoto wa kilo 72 hiyo ni zaidi ya mara nane ya dozi. Anaweza kupepesuka, kulegea midomo, na hata kushindwa kuona. Kaza pete, kisha jaribu kusukuma taratibu huku bomba likiwa nje ya mdomo; likisimama kwenye alama, ndipo uendelee.

Moksidektini (Equest na wenzake) usimpe mtoto. Hukaa kwenye mafuta ya mwili, na mtoto hana akiba ya mafuta, kwa hivyo hupenya ubongoni na huweza kumlaza asiamke. Watengenezaji wenyewe huandika isitumike chini ya umri fulani, miezi 4 kwenye baadhi ya lebo na 6 kwenye nyingine. Sisi tungesubiri hata zaidi kwa mnyama aliyekonda. Bomba moja ni la farasi mzima, na kosa la pete tulilolitaja hapo juu kwa dawa hii huweza kuua.

Levamisoli ndiyo iliyojaa kwenye rafu zetu, mara nyingi ikichanganywa na oksiklozanaidi, na ni nafuu. Kwa ng'ombe na mbuzi ina kazi yake. Kwa farasi na punda nafasi baina ya dozi na sumu ni nyembamba mno, hivyo iacheni dukani. Sindano ya aivamektini ya ng'ombe nayo msiichome kwa farasi: misuli huweza kuvimba na kuoza kwa vijidudu pale ilipochomwa, na ndiyo sababu sindano ya namna hiyo iliyowahi kuuzwa kwa farasi iliondolewa sokoni. Zile za kumwagia mgongoni hazikutengenezewa ngozi ya farasi.

Kuna jambo halihusu dawa ya minyoo ila liko kwenye kaunta ileile, nalo ni zito. Monensini, inayochanganywa kwenye vyakula vya kuku na vya ng'ombe, huua farasi kwa kiasi kidogo sana. Usibebe mabaki ya chakula cha kuku kwenye ndoo utakayomlishia poni, na kijiko cha kuchotea kiwe chake peke yake.

Kuhusu maduka yenyewe. Agroveti ya kuaminika ina leseni ya kuuza dawa za mifugo imetundikwa ukutani, na mtaalamu wa mifugo aliyesajiliwa yupo. Kataa dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, hata kama muuzaji ni mtu unayemheshimu. Fenbendazoli ni unga ulioelea kwenye maji, hutuama chini. Mteja wa kwanza hupata maji meupe, wa mwisho hupata tope kali, na wote wawili wameambiwa dozi moja. Kataa pia boksi lililowekwa kwenye kioo cha mbele. Lebo nyingi hutaka chini ya nyuzi 25 au 30, na wakati wa kaskazi joto la Mombasa hupita hapo kivulini, sembuse kwenye kioo kinachopigwa na jua la alasiri. Omba boksi la ndani, soma tarehe ya mwisho, na ukiondoka usiiache kwenye sanduku la pikipiki ukienda sokoni.

Namna ya kumnywesha. Tikisa chupa dakika nzima. Vuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na mwiba, la mililita 10 au 20, siyo kijiko. Saisi amshike kwa mkono mmoja kifuani na mwingine nyuma ya matako, aegemee ukuta. Hakikisha mdomo hauna nyasi. Ingiza bomba pembeni, kwenye pengo lisilo na meno baina ya meno ya mbele na magego, lielekeze nyuma juu ya ulimi, usukume kidogo kidogo. Kichwa kisiinuliwe juu sana, dawa isije ikaingia mapafuni. Kisha mshike kidevu mpaka umwone akimeza. Mtoto hana haja ya kufungishwa chakula, na aendelee kunyonya.

Baada ya hapo mtazame saa 24 hadi 48. Minyoo michache kwenye kinyesi ni jambo la kutarajiwa. Akilala na kuinuka, akigeuka kutazama ubavu, akiparaparua ardhi, akitoka jasho, kinyesi kikikatika au maji yakitoka puani, mpigie daktari saa hiyohiyo, na usimrudishie dawa. Mtoto ambaye tayari ana tumbo kama mtungi, manyoya yaliyosimama na kikohozi asitibiwe nyumbani hata kidogo: huyo ndiye mwenye hatari ya kizibo, na daktari aje kabla ya dozi, si baada.

Uthibitisho kwamba dawa imefanya kazi haupatikani kwa macho. Chukua kinyesi siku ya dozi na tena siku ya 14. Okota fundo mbili tatu za juu, zisizogusa mchanga, zikiwa bado na joto. Zitie kwenye mfuko, kamua hewa yote, funga, weka kwenye boksi lenye barafu. Mayai ya minyoo mekundu yakiachwa kwenye joto la Pwani huanguliwa njiani, na hesabu hutoka ndogo ya uongo. Maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo iko Mariakani, njia ya Nairobi, na sampuli ya asubuhi huwahi kufika siku hiyohiyo. Mayai ya mchango yakiwa hayakupungua kwa asilimia 90, dawa imeshindwa au dozi ilikuwa ndogo. Anza kwa kukagua dozi.

Hesabu inayofuata iwe karibu na kumlikiza ziwa, miezi minne hadi sita, nayo ndiyo itakayosema kama unarudia fenbendazoli au unahamia aivamektini. Karibu na miezi tisa, muulize daktari kuhusu aivamektini iliyochanganywa na prazikwanteli kwa ajili ya tegu. Katikati ya tarehe hizo kazi kubwa ni ya koleo: okota kinyesi malishoni angalau mara mbili kwa wiki, zaidi wakati wa masika, kwa kuwa unyevu na joto huwafikisha viluwiluwi vya minyoo mekundu ukomavu ndani ya wiki moja au mbili. Mayai ya mchango yenyewe hudumu miaka, yamenata kwenye kuta, kwa hivyo banda la mtoto lisuguliwe kwa brashi na maji ya moto kabla ya mwingine kuzaliwa humo.

Bomba la aivamektini likiisha, lifunike na kulizika au kulitupa mahali ambapo mbwa hawafiki. Mbwa hulilamba, na mabaki yanayobaki ndani, ambayo kwa poni si kitu, kwa mbwa ni sumu.