Mashua ya futi 22 kutoka Nungwi: mwili mzima, matatizo yapo juu

Mashua hii nimeinunua mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi ukimalizika, kwa mtu wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, aliyekuwa akivua kwa dema, mtego wa samaki. Ina miaka 14 majini. Mbao, mataruma (mbavu za mashua) na kalafati (pamba inayoziba nafasi za mbao) nilivipitia kwa nusu saa, sikuwa na neno. Muda wangu wote uliobaki, tangu maji yalipotoka hadi yalipoanza kujaa, uliishia kwenye mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na kamba.

Muuzaji alinipandishia tanga. Likajaa upepo, likapendeza. Nikamwomba alishushe, foromali ilazwe mchangani na kila fundo lifunguliwe. Hakufurahi, lakini alifungua. Pale inapofungwa henza, yaani kamba inayoinyanyua foromali, kamba ilizungushwa mara nane au tisa. Tulipoizongoa, mti chini yake ulikuwa mweusi, na kisu changu kiliingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Kamba ile hunywa maji ya mvua na haikauki. Mti hauogopi chumvi, unaogopa maji ya mvua. Kilichoniudhi ni kwamba kamba yenyewe ilikuwa mpya: aliyeifunga aliuona uozo akaufunika.

Basi nikashuka kwenye kitako cha mlingoti, ambako mvua huchuruzikia na kutuama. Nikagonga kwa mpini wa kisu kuanzia kiunoni hadi chini, mlio mkavu kote. Mlingoti mzima, alhamdulillahi.

Jarari, kamba ya kapi ya kupandishia foromali, ni ya nailoni, nje inang'aa kijani. Niliisokota kinyume mpaka nyuzi zikaachana, ndani nikakuta vumbi jeupe, nyuzi zimesagana zenyewe kwa zenyewe. Hapo sikutaka mjadala. Mashua haina waya wa kuushika mlingoti. Jarari ikishakazwa upande wa goshi, unakotoka upepo, ndiyo inayouzuia usiende. Ikikatika katika upepo wa kusi wa Julai, tanga na mlingoti vinawashukia watu vichwani. Kapi la juu nalo tundu limepanuka kama yai, gurudumu linalala ubavu na kuila kamba. Ukibadilisha kamba ukaliacha kapi, umefanya kazi bure.

Tanga kitambaa chake bado kigumu. Uzi wa mishono umeuawa na jua, niliukwaruza kwa ukucha ukatoka. Kushona upya ni siku mbili tu.

Alitaka milioni 4, tukapatana milioni 3 na laki 2 baada ya kuingiza tena kisu mbele yake. Foromali mpya ya mvinje, jarari, kapi na fundi vimekula laki 4 na nusu. Kwa bei hiyo nimeridhika kabisa, na mwili wake naweza kumsifia yeyote.

Wiki iliyopita tumevuka nayo hadi kisiwa cha Tumbatu na kurudi. Kusi ilikuwa kali, jarari imekaza mpaka inalia, na mlingoti umesimama vilevile.