Saa ya mishale au ya tarakimu: mtoto aanze na ipi?

Mtoto wa darasa la kwanza akionyeshwa saa ya tarakimu, huisoma siku hiyo hiyo. 4:35, basi. Kasi hiyo inavutia, lakini alichosoma ni namba, si muda. Muulize zimebaki dakika ngapi ifike 5:00, na mara nyingi atatoa 35 kwenye 100, kwa sababu amezoea makumi na mamia. Hakuna kitu usoni mwa saa hiyo kinachomwambia kwamba kikomo ni 60.

Saa ya mishale ni ngumu zaidi, nakubali. Mshale mrefu ukiwa kwenye 4, mtoto atasema "dakika nne", na ana haki, maana ndivyo ilivyoandikwa. Dawa ninayoiamini ni kuuondoa mshale mrefu kwa siku kadhaa. Ubaki mfupi peke yake, naye asome: "imepita 2 kidogo", "inakaribia 3". Mrefu ukirudi, ahesabu kwa kuruka: 5, 10, 15, 20. Hapo jiometri huingia yenyewe: robo saa ni robo ya duara, na anaiona kwa macho, kama kipande kilichokatwa. (Nyuzi 90 zisubiri madarasa ya mbele.) Kwenye tarakimu, 15 haifanani na robo ya chochote.

Mimi ningeanza na mishale, kisha tarakimu zije kama njia ya kuandika kile ambacho mtoto ameshakiona. Na kama bado hajafika 60 katika kuhesabu, mshale mfupi unamtosha kwa sasa.