TAHADHARI: anayeuza "ramani ya 1865" ya mashamba ya ukoo Norwei ni tapeli

Jamani, hasa nyie mlioko huku Minnesota mmeoa au kuolewa na watu wenye asili ya Norwei, naomba msome hii kabla hamjamtumia mtu hela. Nimelizwa dola 185 na inaniuma sana, maana ilikuwa zawadi ya baba mkwe, anatimiza miaka 80 na kila siku mzee anaulizia babu yake alitokea shamba gani.

Tulichokuwa nacho ni jina la ukoo Haugen, mwaka aliozaliwa babu, 1861, na neno Ringebu, jina la sehemu kule Norwei, limeandikwa kwa penseli nyuma ya picha. Nikaona tangazo, jamaa anasema yeye ni mtafiti, anakutafutia shamba lenyewe na kukuwekea alama kwenye ramani halisi ya 1865, ila hela anataka uitume kwa ile njia ya ndugu na marafiki ambayo ikishaenda huwezi kuidai. Hapo ndo ningeshtuka, lakini alikuwa mpole na anajibu haraka.

Faili likaja. Ramani ina rangi ya chai ionekane kuukuu, kingo kama zimeungua, pini nyekundu juu ya neno Haugen. Mzee alitokwa na machozi. Usiku nikaikuza kwenye simu, nikaona pembeni kuna neno Innlandet, nikalitafuta, kumbe huo mkoa umeanza tarehe 1 Januari 2020 walipounganisha Hedmark na Oppland! Mwaka 1865 Ringebu ilikuwa ndani ya mkoa ulioitwa Kristians amt. Yaani ni skrinishoti ya ramani ya leo, imepitishwa filta basi. Na pini yenyewe kaiweka Østerdalen wakati Ringebu iko Gudbrandsdalen, bonde jingine kabisa.

Mjue kwamba Haugen maana yake ni kama kusema Kilimani, yapo mengi nchi nzima, na zamani watu wa vijijini walibeba jina la shamba wanaloishi, ukihama na jina linabadilika, sheria ya kila mtu kuwa na jina la ukoo la kudumu imekuja 1923. Kwa hiyo jina peke yake halikufikishi popote, kwanza upate usharika, ndo uende kwenye ramani. Huyu tapeli kachukua Haugen ya kwanza aliyoiona.

Mimi na mume wangu tukakaa wenyewe wikiendi mbili. Digitalarkivet, tovuti ya Idara ya Nyaraka za Taifa ya kule, ni bure, sensa za 1865, 1900 na 1910 zimo na vitabu vya ubatizo vya sharika vimepigwa picha. Tukamkuta babu kwenye sensa ya 1865, mtoto mdogo, baba yake ni husmann, yaani mtu asiye na ardhi anayepewa kibanda na kipande cha kulima ndani ya shamba la mwingine naye analipa kwa kufanya kazi. Haugen yao kumbe haikuwa shamba, ilikuwa ni hicho kipande, na sensa imetaja shamba kubwa lililokuwa na hicho kipande. Tukaliandika hilo jina kwenye norgeskart.no, ramani za Kartverket, idara ya ramani ya serikali ya Norwei, bure pia, likaja, na ukipandisha kidogo mteremkoni unaona Haugen imeandikwa kwa herufi ndogo. Hapo ndo tulipomwonyesha mzee, akaweka kidole kwenye skrini hakukitoa.

Nilipomdai hela yangu jamaa alinibloki. Juzi nimeliona tangazo lilelile kwa jina jingine, picha ileile ya nyumba nyekundu kando ya fjord (ghuba nyembamba katikati ya milima), bei imepanda. Mkiliona liripotini. Na mwenye jina na usharika aniandikie inboksi nimwelekeze pa kuanzia, silipishi kitu.