Nyota 3 kwa nyumba ya wazee aliyokaa mama, shida sio jengo ni hesabu ya watu

Jina la hiyo nyumba silitaji, wahudumu wengine bado wapo pale na sitaki mtu aitwe ofisini kwa ajili yangu. Ila kuna watu wananiuliza kila siku vipi pale panafaa, ngoja niandike mara moja niishie hapo.

Mama alikaa mwaka mmoja na miezi minne baada ya kiharusi, upande wa kushoto haufanyi kazi, kitandani hajigeuzi mwenyewe. Siku ya kwanza tukatembezwa, sakafu inang'aa, maua mapokezi, chumba cha mazoezi kina baiskeli ambayo mpaka tunaondoka sijawahi kuona mtu kaikalia, na sisi bila aibu tukababaishwa na mapazia. Swali moja tu hatukuuliza, usiku mnakuwaga wangapi?

Jibu nimekuja kulipata mwenyewe wiki ya tatu, mama alikuwa na homa nikaomba kulala pale kwenye kiti. Kengele ya kuita ukibonyeza inawaka taa nyekundu juu ya mlango. Mama kabonyeza saa nane na dakika kumi usiku anataka kwenda haja, peke yangu siwezi kumnyanyua nikimwangusha je, natoka koridoni hakuna mtu, mtu kaja saa tisa kasoro dakika tano, kwa hiyo mshaelewa humo katikati kilitokea nini. Mama analia kwa aibu, mimi nimejaa nataka kugomba, dada wa zamu kaingia jasho linamtoka, hata sijafungua mdomo ananiambia "Nisamehe kaka, tuko wawili tu." Wawili, wazee 38!

Nikapiga hesabu palepale. Wasiojigeuza wenyewe walikuwa 12, na mtu wa hivyo anatakiwa ageuzwe kama kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Kumgeuza vizuri ni kazi ya watu wawili, unabadilisha pampasi, unamkagua ngozi, unaweka mito, chukulia dakika kumi. Kumi mara 12 ni dakika 120. Yaani wakianza saa nne usiku wanamaliza saa sita kamili na yule wa kwanza keshafikiwa tena, hapo hakuna aliyeita, hakuna aliyeanguka, hakuna dawa, hakuna kwenda chooni wao wenyewe. Haiwezekani, hata uwape malaika.

Sasa isipowezekana inakuwaje? Inaandikwa. Chati ya kumgeuza mama ilikuwa inaning'inia miguuni mwa kitanda, siku moja nimefika saa kumi jioni nakuta kiboksi cha saa kumi na mbili kishasainiwa. Nikaipiga picha alafu nikafunua shuka, kisigino cha kushoto kuna doa nikabonyeza na kidole halipotei, na pale juu ya makalio pana joto kuliko pembeni. Kwa wenye ngozi nyeusi kama sisi msisubiri wekundu, hauonekani vizuri, gusa usikie kama pana joto, pamekuwa pagumu au pamelegea. Hicho kisigino kilikuja kupasuka na kilichukua miezi mitatu kufunga.

Meneja wa kipindi hicho alikuwa na jibu moja tu, wafanyakazi hawapatikani. Hawapatikani au hawakai? Maana mimi nilikuwa naona sura mpya kila wiki, mtu anakuja anavunjika mgongo mwezi mmoja anaondoka, pengo wanaziba na watu wa wakala wanaotumwa kwa siku moja. Siwalaumu hao wa wakala, ila hawamjui mtu. Mmoja alikuwa anamwekea mama kikombe cha maji upande wa kushoto, mkono ambao haufanyi kazi, akirudi anakikuta kimejaa anakibeba na kuandika amekataa maji. Siku nzima hivo! Na mzee kiu haisikii kama sisi, kwa hiyo hata kudai hadai.

Mdogo wangu ndo akanionesha kwamba Australia hili liko kwenye sheria, tangu Oktoba 2024 nyumba zote kwa ujumla ziwe na wastani wa dakika 215 za huduma kwa mzee mmoja kwa siku, na 44 kati ya hizo ziwe za nesi aliyesajiliwa. Marekani nao walitoa kanuni 2024, saa 3.48 za huduma kwa mzee mmoja kwa siku, wenye nyumba za wazee wakaenda mahakamani na 2025 jaji wa Texas akaitengua. Nikaenda na hizo namba ofisini nikauliza na hapa kwetu dakika ngapi, meneja akanitazama kama nimemuomba namba ya siri ya benki yake.

Tukaanza kukutana ndugu wa wazee, tuko kama familia 11, tunaandika saa ya kengele kubonyezwa na saa mtu alipofika, basi, matusi hakuna. Miezi miwili ya hizo karatasi tukazipeleka kwa wenye nyumba. Sijui kama ni karatasi au yule meneja alikuwa anaondoka tu, ila akaja meneja mpya, mama mmoja aliyewahi kuwa nesi wa wodini, na hapa ndo nyota zinapoanza kuhesabika.

Kwanza aliongeza mtu wa tatu usiku. Alafu akaacha kuwazungusha wahudumu, mama akapewa watu walewale wanne. Na makabidhiano ya zamu yakahamia kitandani kwa mzee badala ya ofisini, anayetoka anamwonesha anayeingia kisigino chenyewe, sio karatasi. Godoro la hewa nalo likaja, ila hilo lisikudanganye, hata ukilala juu yake bado unatakiwa kugeuzwa.

Faida ya watu walewale niliiona asubuhi moja. Mama kaamka anaongea ovyo, ananiita kwa jina la mjomba aliyekufa zamani. Mgeni angesema ndo uzee huo. Dada anayemhudumia akasema hapana, jana bibi alikuwa ananitania kuhusu viatu vyangu, huyu anaumwa. Daktari akapima, maambukizi ya mkojo, siku ya tatu ya dawa mama karudi na utani wake. Wazee kuchanganyikiwa ghafla mara nyingi ni ugonjwa, lakini ili uone ni ghafla lazima uwe ulimjua jana.

Usafi sina neno, kufua wanapoteza soksi sana, mapokezi wana kiburi kidogo.

Kilichobaki ni wikendi. Wastani unaweza kukaa vizuri kwenye karatasi ukijaza watu Jumatatu mpaka Ijumaa wakati wakubwa wapo, alafu Jumapili unaacha shimo. Kwa hiyo ukienda kukagua nyumba yoyote achana na kutembezwa, nenda Jumapili saa nne asubuhi bila taarifa, kaa koridoni, angalia kikombe cha maji kiko upande gani na taa inawaka muda gani. Jumapili ya mwisho kabla hatujamhamishia mama kwa dada yangu nilifika muda huo, taa nyekundu nne zinawaka pamoja na wahudumu ni wawili. Mmoja akaniona akacheka tu, "kaka umekuja kuandika?" nikaweka kalamu mfukoni nikaenda kumshikia mlango asukume kiti.