Boti ya sikukuu: Kilwa Kisiwani au Msimbati?
Nanenane ikiangukia karibu na wikendi, watu wa Lindi na Mtwara huanza kuulizana: boti tukapandie wapi?

Kwa wenye watoto, nasema Kilwa. Toka Kilwa Masoko hadi Kisiwani ni mkondo mfupi tu, hata mashua ya tanga hufika upesi. Chukueni kwanza kibali pale Masoko, kisha mkaone Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, kasri la kale. Magofu haya na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Songo Mnara ni mbali zaidi, na Agosti upepo wa kusi haucheki na mtu: ondokeni alfajiri, maana mchana mawimbi hulowesha hadi vitumbua kapuni. Maji yakiwa yametoka, vueni viatu mkanyage tope la mikoko. Nahodha asiye na majaketi ya kuokolea ya kutosha, mwacheni.

Msimbati, ufukwe wa huko Mtwara, ni ya waogeleaji. Kuna mchanga mweupe na matumbawe, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, hivyo kiingilio kipo. Maji na chakula bebeni kutoka Mtwara mjini.